Ratili Mia Tatu kwa Futi ya Mraba

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za nyumba ya kukaushia kahawa, nikapewa soda moja, hotuba mbili na blanketi. Vijana mliobaki pale mliniomba niandike mambo ya kazi, kwa sababu mnasema nikiongea nakasirika na hamsikii vizuri. Ni kweli. Basi naandika. Sitasema nani alipandishwa cheo mwaka gani. Hayo yako kwenye mafaili, na mafaili yameliwa na mchwa. Nitaandika juu ya hewa, maana hewa ndiyo kazi yetu, na juu ya mtu aliyenifundisha hewa, na nilichomfanyia.

Nilifika Bwera miaka ya sitini, nimetoka shule Kasese na cheti cha darasa la nane ndani ya bahasha. Kiwanda kilikuwa kidogo, mali ya Mhindi mmoja mpole, kando ya barabara inayoteremka kwenda Mpondwe, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo. Kilipokea kahawa ya milimani iliyokwisha kumenywa na kuoshwa, bado imelowa ndani ya ganda lake la mwisho. Mavuno ya huku huja na mvua, kwa hiyo jua halitoshi, na kahawa mbichi ikikaa siku tatu inaanza kunuka siki. Ndiyo maana tulikuwa na mashine: sanduku kubwa la matofali, ndani sakafu ya bati lenye matundu, kahawa juu ya bati kufika goti, na chini yake feni ya Kiingereza iliyosukuma hewa ya moto kutoka kwenye tanuri la kuni. Mnaijua. Ni ile ile, tofauti ni kwamba siku hizo rangi ilikuwa haijabambuka.

Aliyenipokea siku ya kwanza alikuwa Fundi Kambale, Mkongo wa upande wa Butembo, mtu mfupi mwenye rozari mfukoni. Alikuwa amekimbia vita kwao pamoja na mkewe Masika na mfuko mmoja wa spana. Kule alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kahawa za Wabelgiji. Mimi na cheti changu nilitegemea kupewa daftari. Alinipa kipande cha gazeti.

"Weka hii juu ya kahawa," alisema.

Nikaweka. Karatasi ilitetemeka, ikainuka upande mmoja, ikalala, ikainuka tena.

"Unaona? Kahawa iko napumua. Siku karatasi inalala, weye usilale."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya wiki nzima. Baada ya hapo alinionyesha kukwaruza ganda kwa ukucha, kuuma punje kwa meno ya mbele ili kujua maji yaliyobaki, na kupitisha kiganja kwenye pembe nne za sanduku, kwa sababu hewa ni mvivu na haipendi pembe. Niliuma kahawa nyingi hadi jino moja likavunjika. Daktari wa meno wa karibu alikuwa koleo la Kambale.

Ukutani, juu ya geji, ile saa ya kupimia hewa, kulikuwa na namba moja ya chaki: 300. Maana yake ilikuwa ratili mia tatu za hewa kupita katika kila futi moja ya mraba ya sakafu kwa kila saa. Najua mnacheka mkisikia hewa inapimwa kwa ratili. Hewa ina uzito, na uzito huo ndio unaobeba maji kutoka kwenye kahawa. Ikipita kidogo mno, maji hayana wa kuyabeba. Kambale alikuwa anafungua mlango wa hewa wa feni taratibu, akiangalia sindano ya geji mpaka isimame kwenye mia tatu, halafu anaweka karatasi yake juu ya kahawa hata hivyo. Niliwahi kumuuliza kwa nini anapoteza muda na gazeti wakati geji ipo. Alisema geji inaweza kuwa na homa, karatasi haina homa. Niliona ni maneno ya mtu ambaye hakumaliza shule.

Halafu miaka ya sabini ikaja na mambo yake. Jeshi lilikuwa limechukua nchi. Mhindi wetu aliamriwa kuondoka pamoja na wenzake wote, akaondoka na masanduku mawili, na asubuhi moja tukamkuta ofisini kwake mwanajeshi ameweka buti mezani. Tulimwita Afande, kwa sababu hakutuambia jina lingine. Kuhusu kahawa alijua kwamba inanywewa. Vipuri vilikoma kuja. Serikali nayo ilikuwa inatuambia tuache ratili na futi tuhamie kilo na mita, na katika mkanganyiko huo kioo cha geji yetu ya Kiingereza kilipasuka, maji ya ndani yakamwagika, ikafa.

Kambale alivuka mpaka Mpondwe, akakaa siku mbili, akarudi na geji ya Kibelgiji aliyoitoa kwenye shamba lililotelekezwa upande wa Beni. Aliipitisha katikati ya gunia la maharage, bila karatasi yoyote ya forodha. Ilikuwa nzuri kuliko ile yetu, shaba tupu, ila uso wake ulisoma kilo za hewa kwa mita ya mraba kwa saa. Aliifunga mchana ule ule. Kabla hajaweka chini spana ya mwisho, mtu akaleta habari kwamba kaka yake mkubwa amefariki Butembo.

"Baluku," aliniambia akinawa mikono, "weye umesoma. Geuza ile mia tatu iingie mu kilo. Lakini angalia, bintu ya kugeuza iko mbili, haiko moja."

"Najua, Fundi. Nenda uzike."

Nilijua kweli, au niliona najua. Mtu wa mpakani hufanya hesabu za kugeuza tangu utotoni. Pale soko la Mpondwe mama mmoja anauza kwa ratili, mwenzake kwa kilo. Huyu anapima kitenge kwa futi, yule kwa mita, na sote tunageuza kichwani huku tunaongea mambo mengine. Nilichukua mia tatu, nikageuza ratili kuwa kilo, nikapata mia moja thelathini na sita. Cha kwanza hicho. Halafu futi kuwa mita: mita moja ni futi tatu na kidogo, tatu nukta mbili nane. Nikazidisha. Nikapata mia nne arobaini na sita. Nilifuta ile 300 iliyokaa ukutani miaka yote, nikaandika 446, nikairudia mara mbili ili ionekane imenyooka.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo ninapowakasirikiaga. Hakuna mtu aliyewahi kununua mraba wa kitu pale Mpondwe. Kitenge kina urefu, upana wake anauleta mwenye kiwanda. Mimi nilikuwa nimegeuza urefu tu. Lakini hewa haipiti kwenye urefu, inapita kwenye sakafu, na sakafu ina pande mbili. Mita moja ya mraba ina futi za mraba kumi na robo tatu, si tatu na kidogo. Hesabu ya haki ni mia moja thelathini na sita mara kumi na robo tatu, na chembe zake zote: elfu moja mia nne sitini na tano. Ukitaka njia ya mkato, zidisha namba ya Kiingereza kwa nne nukta nane nane. Saa haibadiliki, namshukuru Mungu. Kuhusu saa Wabelgiji na Waingereza walielewana.

Kwa hiyo nilifunga mlango wa hewa hadi sindano ikashuka kwenye 446, ambayo haikufika hata theluthi moja ya hewa iliyotakiwa. Feni ikaanza kunguruma vibaya kwa kubanwa. Nilisema moyoni kwamba ni geji mpya, tutazoeana. Na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: niliweka karatasi juu ya kahawa. Ililala. Niliiangalia kwa muda mrefu imelala pale, nikaitoa, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Namba ilikuwa yangu na niliipenda.

Wiki hiyo mvua haikukatika, na wakulima wa Kyarumba walishuka na kahawa yao kichwani kwa zile njia zinazoteleza. Mmoja wao alikuwa mama Biira, mjane, mtu wa maneno machache. Yeye na binti zake wawili walishuka mara nne, kila mtu na gunia lake. Ilikuwa kahawa yake yote ya mwaka ule. Alipomwaga gunia la mwisho aliniuliza, "Itakauka lini, mwanangu?" Nikamwambia siku tatu.

Siku ya tatu kahawa ya chini ilikuwa imepasuka kwa joto, kwa sababu moto ulikuwa ule ule na hewa ya kuubeba haikuwepo. Ya juu ilikuwa inatoka jasho. Siku ya nne nilisikia harufu, nikajiambia ni kuni mbichi. Niliongeza moto. Siku ya tano asubuhi mama Biira alikuja, akapanda ngazi ya sanduku bila kuniomba ruhusa, akachota kahawa kwa viganja viwili, akanusa. Alishuka, akavuka uwanja na mikono yake imejaa, akaenda hadi mlango wa ofisi.

"Afande," alisema, "nusa hii."

Wakati huo huo Kambale alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma wa nyumba ya kukaushia, tope la safari likiwa bado kwenye viatu vyake. Alisikia feni kabla ya kunisalimia. Alitoa gazeti mfukoni, akalichana, akaweka kipande juu ya kahawa. Kilipolala alikwenda moja kwa moja ukutani, akasimama mbele ya 446.

"Meta kare moja," aliniuliza polepole, yaani mita moja ya mraba, "inaingia futi ngapi?"

"Tatu na kidogo."

Alifumba macho. "Iko kumi, mutoto. Kumi na kidogo. Hii kahawa umeiziba pua."

Nilielewa pale pale. Nikashika ngazi. Ndipo Afande akaingia na askari wawili, mama Biira nyuma yao na kahawa bado mikononi.

Afande alizunguka sanduku mara moja. Alisimama mbele ya geji. "Nani ilileta hii kitu ya Kongo?"

"Ni miye, afande," alisema Kambale.

"Karatasi yake iko wapi?"

"Haiko na karatasi."

"Na namba? Nani iliandika hii namba?"

Nataka muielewe ile nyumba. Tulikuwa watu sita ndani yake. Feni ilikuwa inanguruma, lakini si kwa nguvu ya kumzuia mtu asisikike. Kambale hakunitazama. Alikuwa anaangalia mikono yake, anaifuta kwa suruali, anaifuta tena.

"Geji iko yangu, afande," alisema.

"Mimi nauliza namba!"

Kambale alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza. Siku zile neno hujuma lilikuwa linatosha kumtoa mtu nyumbani kwake asirudi, na kila mtu ndani ya ile nyumba alilijua. Nilikuwa naogopa. Sina jina lingine la kuipa hali ile.

"Basi," alisema Afande. "Mkongo nakuja kuharibu mali ya serikali. Toa viatu. Toa mukanda. Panda gari."

Kambale alivua viatu, akavipanga pamoja kando ya tanuri. "Afande, moto iko naunguza kahawa ya batu. Niache nifunge hewa ya moto kwanza."

Walimsukuma. Lori lilikuwa uwanjani, likageuka, likashika barabara ya Kasese. Mama Biira alikuwa bado amesimama. Alifungua mikono, kahawa ikaanguka sakafuni, akaenda zake. Ile yake yote tuliizika kwenye shimo nyuma ya kiwanda. Hakuleta tena hata punje kwetu. Nilisikia alikuwa anaanika mwenyewe kwenye mikeka, na kukimbizana na mvua usiku na mchana.

Mimi nilifuta 446 kabla ngurumo ya lori haijapotea. Niliandika 1,465. Nilifungua mlango wa hewa, feni ikanyamaza ngurumo yake mbaya, sindano ikapanda. Nilitoa mfukoni ile karatasi niliyoikunja, nikaiweka juu ya kahawa iliyobaki, ikaruka. Mzigo uliofuata ulikauka vizuri kuliko mzigo wowote tuliowahi kuukausha.

Hapo ndipo ubaya wenyewe ulipokuwa. Afande alikuja, akachota kahawa kavu, akaitikisa kiganjani ikalia.

"Umeona?" alisema. "Yule ametoka, kahawa nakauka. Ilikuwa naharibu makusudi."

"Ndiyo, afande."

Namba sahihi ikawa ushahidi wa kumfunga. Afande akanipa funguo za nyumba ya kukaushia, zile zile nilizozikabidhi mwezi uliopita.

Masika, mkewe, alikuja getini na bakuli la chakula lililofungwa kitambaa, siku nyingi mfululizo. Alikuwa amefika hadi Kasese kuuliza. "Bananiambia Kambale iko wengi," alisema. "Bananiuliza Kambale gani." Kwetu jina hufuata zamu ya kuzaliwa, kila mtoto wa pili wa kiume ni Kambale, na magereza yalikuwa na watoto wa pili wa kutosha. Nilimwambia sijui alikopelekwa. Hiyo ilikuwa kweli. Nilimrudishia viatu. Baadaye alivuka mpaka na watoto.

Kuanzia hapo nikawa yule mnayemjua. Kila aliyekuja kazini chini yangu nilimpa uzi na misumari minne, nikamwambia apige mraba wa mita moja sakafuni, halafu aujaze vibao vya futi moja moja, avihesabu mwenyewe, na vipande vya pembeni avikate kwa msumeno. Wengine waliona nawadhalilisha. Mmoja aliyejibu tatu nilimtupia kibao. Mlisema mzee ana wazimu wa hesabu, na mimi niliacha mseme.

Vita vya kuiangusha serikali ile ya jeshi vilipoisha na wanajeshi wakakimbia, wengine wakipita hapa hapa kwetu kuelekea mpakani wameacha buti njiani, watu walianza kurudi. Asubuhi moja mtu mwembamba alisimama mlangoni mwa nyumba ya kukaushia. Nilimjua kwa ufupi wake tu. Meno ya mbele hayakuwepo, yale ya kuuma kahawa, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa havinyooki.

"Patron," aliniita, kwa neno lao la bosi. Mimi. "Kazi iko?"

Nilimkalisha juu ya gunia. Nilimpa chai, akaishika kwa mkono wa kushoto. Aliangalia ukuta. Midomo yake ilicheza kidogo, nikajua anapiga hesabu.

"Sasa iko sawa," alisema.

Niliwatuma vijana nje. Niliketi sakafuni mbele yake, sikuweza kukaa juu ya kiti. Nilimuuliza lile ambalo nilikuwa nimelibeba miaka yote: kwa nini hakumwambia Afande kwamba ni mimi niliyeandika. Neno moja tu lingemtoa.

Kambale alikunywa chai yake hadi mwisho. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Sikukuficha," alisema. "Usizanie hivyo. Niliona ni weye mwenyewe utasema. Nikangoja. Balinipandisha mu lori, nikangoja. Tulipofika Kasese lori ikasimama kutia mafuta, ikakawia sana, na miye niko naangalia barabara ya nyuma. Nasema, Baluku atakuja. Iko na baisikeli."

Nilikuwa nayo. Siku ile ilikuwa imeegemea ukuta wa nyumba ya kukaushia, upande wa nje, na magurudumu yote mawili yalikuwa yamejaa upepo.